Bili ya Gehazi

Wahubiri wengi wakifika Wafalme wa Pili sura ya 5, huishia pale Naamani anapoibuka kutoka mto Yordani akiwa mzima. Waumini wanapiga vigelegele, kwaya inaitwa, ibada inasonga mbele. Nusu ya pili ya sura hiyo, inayomhusu Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, husomwa haraka haraka au huachwa. Mimi naamini ndiyo nusu tunayoihitaji zaidi siku hizi, na naomba tuisome bila haraka.

Lakini Gehazi haeleweki bila wale waliomtangulia, na wa kwanza ni mtoto. Nyumbani kwa Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu, palikuwa na msichana mdogo aliyetekwa Israeli akafanywa mtumishi wa mke wa jemadari. Jina lake hatuambiwi. Alikuwa amenyang'anywa kwao na wazazi wake, na aliyefaidika na hayo yote alikuwa bwana huyohuyo aliyekuwa akiumwa ukoma. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimwambia bibi yake kwamba Samaria yuko nabii wa kumponya bwana. Hakusema kwanza niachieni niende kwetu, wala hakudai ujira. Katika sura nzima, ukitaka kuona mtoto aliyefanana na Baba yake wa mbinguni, mtazame huyu.

Naamani akafunga safari na mzigo wa kutisha: talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi ya kubadili. Talanta moja inakadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30, kwa hiyo fedha peke yake ilipita kilo 300. Alibeba pia barua ya mfalme wake kwa mfalme wa Israeli. Ndivyo wakubwa walivyozoea: kitu kikubwa hupatikana kwa fedha nyingi na kwa kujuana. Alipofika kwa Elisha, nabii hakutoka hata kumsalimu. Alituma mtu amwambie akajichovye Yordani mara saba. Naamani alikasirika, akasema mito ya Dameski, Abana na Farpari, ni bora kuliko maji yote ya Israeli, akageuza njia. Watumishi wake ndio waliombembeleza mpaka akashuka mtoni.

Mwandishi anasema mwili wake ulirudi ukawa kama wa mtoto mdogo. Sidhani kama maneno hayo yamewekwa pale kwa bahati. Sura ilianza na msichana mdogo asiye na kitu, na sasa jemadari mwenye magari na farasi amefanywa mtoto mdogo, amepokea asichoweza kulipia. Karne nyingi baadaye Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba asiyeupokea ufalme wa Mungu kama mtoto hataingia. Naamani aliingia kwa mlango huo bila kujua jina lake.

Akarudi kwa Elisha na zawadi. Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu. Naamani akasihi, nabii akakataa tena.

Hapa lazima tusimame, maana wapo watakaosema Elisha alikuwa anafundisha kwamba mtumishi wa Mungu asipewe chochote. Sivyo. Sura moja tu nyuma, mama wa Shunemu alimjengea nabii huyohuyo chumba kidogo juu, akakiwekea kitanda, meza, kiti na kinara cha taa, na Elisha akalala humo bila kinyongo. Mtu mwingine alimletea mikate 20 ya shayiri ya malimbuko, akaipokea na kuagiza watu wagawiwe wale. Sadaka ni njema. Mchungaji anakula, kanisa linahitaji mabati, mwinjilisti wa kijijini anahitaji nauli, na Mkristo anayelijua hilo halafu akabana mkono wake anajidanganya. Ila mama wa Shunemu alitoa akiwa hana shida anayoitafutia dawa. Alipoulizwa atendewe nini, alijibu kwamba anakaa salama kati ya watu wake. Naamani alikuwa mtu mpya kabisa, ametoka majini siku hiyohiyo, amelelewa katika miungu inayolipwa. Fedha yake ingepokelewa, angeondoka akiamini amenunua, na safari nyingine akiugua angejua bei. Elisha alimlinda. Alitaka mtu yule afike Dameski akiwa na deni lisilolipika, lile linalomfanya mtu apige magoti.

Gehazi alilitazama lile gari likiondoka na mzigo wake mzima, akaona bwana wake ameacha riziki. Akaapa kwa jina la Bwana kwamba atakimbia, apate angalau kidogo. Kiapo cha Elisha cha kukataa na kiapo cha Gehazi cha kufuata vilitumia jina moja.

Uongo aliouandaa unastahili kuangaliwa kwa karibu. Alisema vijana wawili, wana wa manabii, wamefika sasa hivi kutoka milima ya Efraimu, na bwana wake anawaombea talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Uongo huo ulikuwa na nguvu kwa sababu umaskini wenyewe ulikuwa wa kweli. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii alikuwa karibu kunyang'anywa watoto wake wawili wawe watumwa kwa ajili ya deni. Mwingine, katika sura inayofuata, aliangusha shoka mtoni akapiga kelele kwa kuwa lilikuwa la kuazima. Gehazi aliichukua shida ya watu hao akaifanya chambo. Maskini hawakuiona hata senti ya fedha iliyoombwa kwa jina lao. Dhambi hii bado inaishi. Tunaombwa kwa ajili ya yatima, kwa ajili ya kiwanja, kwa ajili ya redio ya Injili, na msharika akiuliza hesabu anaambiwa ana roho ya kuhukumu.

Naamani aliposikia alishuka garini, akamsihi achukue talanta mbili. Ziligawanywa katika mifuko miwili, zikabebwa na watumishi wawili. Walipofika kilimani Gehazi akaupokea mzigo, akauficha nyumbani, akawaruhusu wale vijana waende zao, kisha akaingia kusimama mbele ya bwana wake kama kawaida. Alipoulizwa ametoka wapi, alijibu hakwenda popote. Elisha akamtajia mashamba ya mizeituni, mizabibu, kondoo, ng'ombe, watumwa na wajakazi. Gehazi alikuwa hajanunua hata kimoja, lakini nabii aliisoma orodha iliyokuwa moyoni mwake. Gehazi akatoka mbele yake na ukoma wa Naamani, mweupe kama theluji.

Watu husema alipigwa kwa uchoyo na uongo. Kweli. Ila naona kosa lake lilikwenda mbali zaidi ya fedha. Alimpelekea Naamani bili ya kitu ambacho Mungu alikuwa amekitoa bure. Jemadari alishaondoka akiwa mtoto aliyependelewa. Gehazi akamkimbilia njiani akamgeuza mteja. Kuanzia siku ile, Naamani akiwasimulia Washami habari za Mungu wa Israeli, ilibidi amalizie kwa kusema kwamba baadaye walituma mtu kuchukua malipo. Anayeweka bei kwenye neema anawatangazia watu Mungu mwingine kabisa, na hili ndilo linaloniuma kuliko zile kilo 60 za fedha.

Kanisa limeurudia mwendo huu zaidi ya mara moja. Simoni mchawi wa Samaria aliwatolea mitume fedha ili apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono, na Petro akamkemea kwa maneno makali kuliko karibu yote tunayoyasoma kutoka kwake. Mwaka 1517 huko Ujerumani, mhubiri Johann Tetzel alikuwa akizunguka akiuza hati za rehema, yaani za kusamehewa adhabu za dhambi. Nusu ya mapato ilikuwa ya kujenga kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, na nusu nyingine ilikwenda kulipa deni ambalo Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa nalo kwa nyumba ya kifedha ya Fugger. Waumini waliotoa sarafu zao hawakuambiwa habari za deni hilo. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo, Martin Luther alimwandikia askofu mkuu huyo na kumpelekea hoja zake 95. Nusu karne baadaye, mwaka 1567, Papa Pius wa Tano alizifuta rehema zote zilizoambatana na malipo. Kwa hiyo pande zote mbili, Waprotestanti na Wakatoliki, zilikuja kukiri kwamba kitu kile hakikupaswa kuuzwa.

Na sisi? Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Siwalaumu marehemu. Walikuwa watu wenye magonjwa, madeni na ndoa zilizovunjika, wakitafuta msaada wa Mungu kama wewe na mimi. Ninachouliza ni nani aliyewafundisha kwamba neema iko chini sakafuni, mahali pamoja, kwa muda mfupi, na asiyewahi ameikosa. Gehazi mwenyewe angeweza kuwaambia. Yeye ndiye aliyetumwa na fimbo ya Elisha kuiweka juu ya uso wa mtoto wa yule mama wa Shunemu aliyekuwa amekufa. Aliiweka, na hapakuwa na sauti wala dalili ya uhai. Mtoto alifufuka baadaye, Elisha alipokuja mwenyewe, akafunga mlango na kumwomba Bwana. Fimbo ya nabii haikuwa na kitu ndani yake, na chupa ya mafuta, leso, chumvi na maji tunayouziwa havina kitu ndani yake pia.

Niliwahi kuhudhuria mkutano mmoja wa maombezi ambapo wagonjwa walipangwa kwa laini: mbele wenye laki moja, nyuma yao wenye elfu hamsini, kisha wenye elfu kumi. Namba ya malipo ilikuwa kwenye skrini muda wote. Karibu yangu alisimama mama mmoja na mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande, midomo imekauka kwa homa. Alifungua fundo kwenye pindo la khanga, akatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo, akazihesabu, akazihesabu tena. Mhudumu aliyevaa suti akaziangalia, akamwonyesha kwa kidole aende nyuma kabisa. Mama alisema, "Asante, baba," akaenda. Hakulalamika. Alikuwa ameshakubali kwamba kwa Mungu pia kuna daraja la kwanza na la tatu.

Mama huyo ni mwana wa Mungu. Paulo anawaandikia Warumi na Wagalatia kwamba waaminio hawakupewa roho ya utumwa ya kuwarudisha kwenye hofu, wamefanywa wana, na kwa hiyo warithi. Urithi haulipiwi na mrithi. Hakuna mtoto anayefika mezani jioni na kuulizwa ameleta shilingi ngapi ndipo apakuliwe ugali. Akiulizwa hivyo, majirani watajua nyumba ile ina matatizo. Kama ndivyo kwa baba zetu, ambao ni watu tu, tunathubutuje kumweka Mungu mlangoni na daftari la malipo?

Najua jibu linalotolewa: watu wasipotoa, hawathamini. Naamani alithamini. Kabla Gehazi hajamfikia, alikuwa ameshaomba mzigo wa udongo wa Israeli wa kubebwa na nyumbu wawili, na ameshaahidi kwamba hatatoa tena sadaka kwa mungu mwingine ila Bwana. Alipewa udongo huo bila kuulizwa chochote, na moyo wake ulikuwa umegeuka bila kutozwa kitu. Shukrani ilikuwa inakuja yenyewe, na ingezaa matoleo makubwa kuliko talanta mbili.

Gehazi anaonekana mara nyingine, sura ya 8. Yuko mbele ya mfalme, anaulizwa habari za mambo makuu aliyoyatenda Elisha, naye anasimulia jinsi mtoto wa Shunemu alivyofufuliwa. Wakati huohuo mama yule anaingia kudai nyumba na shamba lake, na kwa ushuhuda huo anarudishiwa vyote. Wafasiri hawakubaliani kama tukio hili lilitokea kabla ya ukoma wake au baadaye. Kama ni baadaye, basi aliyeuza neema alipewa nafasi ya kuisimulia bure, na mama yule akapata haki yake. Napenda kuamini hivyo, kwa sababu namjua Mungu anayesimuliwa katika vitabu hivi.

Mchungaji, nabii, mwinjilisti unayesoma haya: Jumapili ijayo waombee wagonjwa kwanza, sadaka ije baadaye. Ondoa namba ya malipo kwenye skrini wakati wa maombezi. Futa zile laini. Na wewe mama uliyepelekwa nyuma, usisubiri zamu yako kwa mtu yeyote. Mpeleke mtoto zahanati leo, na njiani mwombe Baba yako, maana anakusikia hapohapo ulipo.