Orodha ya Bidhaa na Watu Wasioandikwa

Wafalme huandikiwa tarikhi zao, bali nguo na shanga za mama wa nyumbani haziandikwi ila pale zinapouzwa. Kwa hiyo atakaye kujua jinsi watu wa zamani walivyokaa majumbani mwao, hana budi kusoma orodha za wafanya biashara.

Tutazame Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem zikaleta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wakakiita merikani, na jina hilo lingaliko. Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliorodhesha nguo na shanga zilizopelekwa bara. Humo zimo shanga nyekundu ziitwazo samesame, zilizopewa pia jina lenye maana ya kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozitamani. Katika jina hilo moja twasikia maneno ya nyumba nzima: mke aombaye, na mume ahesabuye mali yake.

Je, orodha ya vitu yatosha kutujulisha watu? Nasema, yatufungulia mlango, lakini haituingizi ndani. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa. Utumwa ulipokomeshwa Unguja kwa amri ya mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliziacha, wakavaa kanga. Mwenye duka aliona tu kwamba kaniki hainunuliwi sana, na kanga yanunuliwa. Daftari lake halikusema ya kuwa mwanamke yule, kwa kanga yake, alitangaza kwamba yeye si mali ya mtu tena.

Tena, katika mji ule ule, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, wanadamu nao walikuwa na bei. Hapo Mkunazini leo pamesimama kanisa la Waanglikana. Basi tujihadhari: mkono uliozoea kutia bei kila kitu hukawia kutambua kwamba sasa watia bei mtu.

Kwa hiyo, ukiona daftari kuukuu la duka, usikubali lichanwe kufungia bizari. Lisome, na penye kila mstari uulize: Ni nani aliyevaa nguo hii? Alipewa, au aliichagua mwenyewe? Jibu mara nyingi halimo daftarini. Waulize wazee wangali hai.