Fungu la Aliyebaki Pwani

Nilipokuwa kijana nilikuwa nikienda kuvua na mjomba, mwenye mashua. Mgao ulifanyika pwani mbele ya watu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia, na kitoweo cha wazee na wajane waliosaidia kuivuta mashua. Siku moja tulikutana na mchuuzi huko huko majini. Mjomba akamuuzia matenga mawili ya changu. Mabaharia walipata chao, nami nikapewa noti ili ninyamaze. Tulipofika pwani mgao ulikwenda kwa haki kabisa, lakini ulikuwa mgao wa samaki waliobaki. Nikanyamaza.

Kisa hiki kilinirudia niliposoma habari za mkataba wa bahari kuu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Juni 2023 na kuanza kutumika Januari 17, 2026. Bahari kuu ni ile iliyo nje ya maili 200 za nchi yoyote. Sheria ya bahari ya mwaka 1982 ilisema kwamba madini ya chini ya bahari hiyo ni urithi wa wanadamu wote, lakini haikutaja chembe za urithi za viumbe wake. Kumbe humo mna viumbe wanaostahimili giza na joto kali, na chembe hizo zaweza kuzaa dawa na kemikali za viwandani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulichunguza hataza zilizohusu jeni za viumbe 862 wa baharini, wa pwani na wa mbali. Kampuni moja peke yake ilikuwa imeandikisha asilimia 47 ya jeni hizo.

Mwenye meli atasema: mimi nimegharimia safari, wewe ulikuwa umelala. Ni kweli, na fungu la chombo simnyimi. Lakini fungu la chombo si samaki wote.

Atasema tena: samaki akiliwa amekwisha, bali jeni ikinakiliwa haipungui, basi nimemdhulumu nani? Hoja hii ilinisumbua sana. Mwishowe nilijiuliza: kama haipungui, mbona matumizi yake yanazungushiwa ua wa hataza? Kinachopungua ni nafasi ya mwenzake kuitumia.

Wengine wanaulaumu mkataba kwa kuwa mambo mengi ya fedha umewaachia wanachama waamue katika mikutano yao. Lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba unadai anayekwenda kukusanya viumbe hao atoe taarifa kabla ya kwenda na baada ya kurudi, na sampuli zake zipewe alama ya kuzitambulisha. Kwangu mimi hapo ndipo haki inapoanza. Huwezi kudai fungu la kitu usichojua kwamba kimevuliwa.

Siku ile mjane mmoja alipewa samaki wawili wadogo. Alimshukuru mjomba, akamwombea dua apate zaidi kesho. Mimi nilikuwa nimesimama kando, noti imo mfukoni. Dhuluma ya wazi angeweza kuilalamikia. Ile yetu aliitolea shukrani.