Mwenge ni wa nani? Juu ya kuuza vitu vya sherehe na kulinda umati

Kuna swali linaloonekana dogo, lakini ukilifuata vizuri linafika kwenye mizizi ya desturi zetu. Kitu kilichobebwa mbele ya watu wote siku ya sherehe, kiwe mwenge, kombe ao medali, ni cha nani wakati sherehe imekwisha? Aliyekibeba ana haki ya kukipeleka sokoni? Na wale waliosimama kando ya barabara wakishangilia, ni watu wa kusukumwa na fimbo, ao nao ni wenye feti?

Watu huyatenganisha maswali haya. La kuuza wanaliachia wafanyabiashara, la umati wanaliachia polisi. Mimi naona ni swali moja tu.

Tuchukue mwenge wa Olimpiki. Wengi wanadhani desturi ya kuukimbiza toka Ugiriki ni ya zamani sana. Hapana. Ilianza mwaka 1936, kwa michezo ya Berlin, wakati wa utawala wa Hitler. Afrika iliupokea mara ya kwanza mwaka 2004, kule Cairo na Cape Town. Tarehe 13 Aprili 2008 ukafika kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, mji pekee wa Afrika katika safari ya mwaka ule. Ulikimbizwa kilomita 5 hivi, toka stesheni ya reli ya TAZARA mpaka uwanja wa taifa. Reli na uwanja vyote viwili vilijengwa kwa msaada wa China, iliyokuwa inaandaa michezo. Kule mambo yalipita kwa utulivu.

Lakini juma moja mbele yake hali ilikuwa nyingine. London tarehe 6 na Paris tarehe 7, watu walioandamana juu ya Tibet walijaribu kuunyakua na kuuzima. Paris waliweka polisi karibu 3,000, na hata hivyo moto ulizimwa mara kadhaa na kupandishwa ndani ya basi. Kandokando ya mbeba mwenge walikimbia vijana wa China waliovaa bluu, wakisukuma kila aliyesogea. Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikuwa katika orodha ya wabebaji wa Dar es Salaam, akajiondoa. Hakurusha jiwe. Alikataa tu kuweka mkono wake. Mwaka 2009 wakubwa wa Olimpiki wakaamua mwenge usizungushwe tena dunia nzima.

Fundisho ni nini? Kitu cha sherehe kinapata uzito wake machoni pa watu. Ukikizungushia ukuta wa polisi mpaka wenyewe wasikione, umekilinda, ndiyo, lakini umelinda chuma na gesi tu. Ile maana yake imebaki nyuma ya ukuta, pamoja na watu.

Sasa twende sokoni. Mwaka 2012 London iliandaa michezo, na watu 8,000 walichaguliwa kubeba mwenge, wengi wao wakiwa watu wa kawaida waliosifiwa na majirani kwa kazi njema. Kila mmoja alikuwa na mwenge wake, na aliruhusiwa kuununua kwa pauni 199. Siku za kwanza tu za mbio, mienge ilikwisha kuonekana kwenye mnada wa intaneti, kwa bei ya maelfu ya pauni. Wako waliosema pesa itasaidia wagonjwa na watoto. Wengine hawakusema kitu. Inchi nzima ikagawanyika. Kundi moja lilisema: amelipa, ni chake. Kundi lingine: alichaguliwa na watu, anauzaje heshima ya watu?

Sisi wa Maniema tusicheke Wazungu haraka. Swali hilo babu zetu walikutana nalo zamani. Kwa Balega, wale wa Pangi pamoja na ndugu zao wa Shabunda na Mwenga, kuna chama cha bwami. Bila kuingia katika mambo ya ndani ambayo si yangu kueleza, kila mtu anajua kwamba cheo katika bwami kinafuatana na vitu: vinyago vidogo, sanamu za mbao, na kwa wakubwa wa kindi, za pembe ya tembo. Mwenye cheo alizishika, alizionyesha siku za sherehe, na alipokufa zikapita kwa aliyefuata. Nyingine ziliwekwa katika kikapu cha wote, mmoja akiwa mtunzaji. Hakuna aliyesema "ni zangu" kwa namna tunavyosema juu ya mbuzi ao baisikeli. Zilikuwa amana.

Utawala wa Wabelgiji ulipiga bwami marufuku mwaka 1948. Mlolongo wa kupokezana ukakatika, vitu vikaanza kuuzwa, na leo sanamu za Balega ziko Tervuren na katika nyumba nyingi za matajiri wa Ulaya na Marekani. Ni nzuri hata ndani ya kabati la kioo. Lakini pale hakuna anayejua nani alizishika, na kwa kazi gani. Jina la mwenye cheo limekatika, bei imebaki.

Hapa wanafunzi hunisimamisha. "Mwalimu, kama njala iko ndani ya nyumba, medali itatusaidia nini?" Ni neno la haki, na mtu mwenye kushiba asilijibu kwa haraka. Tumkumbuke Ndaye Mulamba. Mwaka 1974, kule Misri, alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika, na inchi yetu, iliyoitwa Zaire, ikalichukua kombe. Miaka 20 nyuma ya pale, mwaka 1994, alialikwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi, watu wenye silaha wakamwingilia nyumbani wakidhani amekuja na mali, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi miaka mingi katika umaskini, na huko ndiko alikofia mwaka 2019. Mtu kama huyo angeuza medali yake apate unga, nani angethubutu kumhukumu? Mimi hapana. Ningeuliza kwanza: sisi tuliopiga kelele ya furaha mwaka 1974 tulikuwa wapi?

Na hapo ndipo neno "amana" linapata upande wake wa pili. Kama medali ni ya wote, basi mwenye kuibeba naye ni wa wote. Hatuwezi kumwambia "usiuze, ni yetu," halafu tumwache alale na njaa. Jamii isiyomlisha mtunzaji haina haki ya kudai kikapu.

Tusichanganye mambo, lakini. Kikwembe kilichochapwa kwa ajili ya tarehe 30 Juni, shati la Maniema Union, kofia na bendera ndogo, hivyo vilitengenezwa viuzwe. Mama anayevipanga Kindu siku ya mechi anafanya kazi safi, na kumfukuza ni kumwonea. Tofauti ni hii: shati linauzwa ili kila mtu apate sehemu ya sherehe, mwenge ukiuzwa, mmoja anaondoka na sehemu ya wote.

Turudi kwa umati. Tarehe 11 Mei 2014, Kinshasa, katika uwanja wa Tata Raphaël, V.Club ilikuwa inacheza na TP Mazembe. Fujo ikaanza, polisi wakatupa gesi ya kutoa machozi, watu wakakimbilia milango, na 15 wakafa. FIFA inakataza silaha za moto na gesi ya namna hiyo ndani ya uwanja, na sababu yake ni nyepesi: mtu aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Ndiyo, waliorusha mawe walikosa, na bila ulinzi mikusanyiko inaua pia. Sikatai polisi. Lakini kuna polisi anayesimama akitazama umati kama adui wa sherehe, na kuna anayewatazama kama wenye sherehe waliokuja kwao. Wa kwanza anafunga milango. Wa pili anafungua yote mapema, na anaweka mbele vijana wanaojulikana mtaani, wanaoweza kumwita mtu kwa jina.

Jirani zetu Watanzania wana Mwenge wa Uhuru, uliopandishwa juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961. Wako kati yao wanaolalamika juu ya gharama na michango, na tusiwakatalie. Lakini kuna jambo moja la kuiga: mkoa mmoja unaukabidhi kwa mwingine mbele ya watu wote, na hakuna kiongozi anayerudi nao nyumbani. Kupokezana ndiyo maana yake yote.

Kwa hiyo naona mwenye kuuza alichobebeshwa na watu, na polisi anayewapiga watu ili alinde kilicho chao, wanakosa kosa moja: wamesahau mwenyewe ni nani. Dawa yake haihitaji Leta kubwa. Kila kilabu ya Kindu iwe na daftari: kombe gani, la mwaka gani, nani analishika, nani atalipokea. Mchezaji mzee akipata shida, kilabu isikie kwanza kabla ya mfanyabiashara. Na siku ya defile ao ya mechi kubwa, wazee wa mitaa, vijana wa mashabiki na polisi wakae pamoja mbele ya wakati, toka Kasuku, Mikelenge na Alunguli, wapange njia na milango. Mtoto anayetazama kombe likipita karibu yake bila kupigwa fimbo, huyo ndiye atakayelitunza kesho.