Siwezi, Sitaki, Siahidi

Juni 2021, Microsoft ilipotangaza Windows 11, ilitoa pia programu ndogo ya kupima kama kompyuta yako inafaa. Watu wengi walioiendesha walijibiwa kwamba kompyuta hii haiwezi kuendesha Windows 11. Baadaye maneno yalilainishwa, ikawa kwamba kompyuta haijatimiza masharti. Tofauti ya sentensi hizo mbili imenikaa kichwani kwa muda sasa, kwa sababu inaleta swali ambalo halihusu kompyuta peke yake: mtu akikuambia "haiwezekani", utajuaje kama anamaanisha "siwezi" au "sitaki"?

Tuanze na masharti yenyewe. Mfumo ulidai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha maalumu. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo ilianzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Sababu zilizotolewa zilihusu usalama, na si za kubeza. Lakini mwaka huohuo Microsoft yenyewe ilichapisha njia ya kubadilisha kipengele kimoja kwenye rejista ili mfumo ukubali kuingia kwenye prosesa iliyo nje ya orodha, huku ikionya kwamba mashine ya namna hiyo haitakuwa na haki ya kupata masasisho. Aliyesema mlango haufunguki ndiye aliyetuonyesha ufunguo ulipo. Basi ile ilikuwa "sitaki".

Linganisha na kilichotokea mwaka 2024. Toleo la 24H2 lilikuja likihitaji amri ya prosesa iitwayo POPCNT, ambayo kazi yake ni kuhesabu kuna moja ngapi ndani ya namba. Prosesa za zamani kama Core 2 Duo hazina amri hiyo. Badilisha rejista upendavyo, mfumo hauwaki. Programu ya ukaguzi unaweza kuidanganya, silikoni huwezi. Hapo tumefika kwenye "siwezi" ya kweli.

Kutafuta hitilafu kwenye mashine isiyotambuliwa na mwenye mfumo ni kazi ya kutenganisha majibu hayo mawili. Ukiwasha Linux kutoka kwenye flashi, kabla hujagusa diski, unauliza maswali kwa mpangilio. Je, mfumo unakiona kifaa? Kama unakiona, draiva yake ipo? Kama draiva ipo, imepata fimwea inayoihitaji? Unasoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari, unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha unawasha tena. Mara nyingi unakuta waifai "iliyokufa" ni nzima kabisa, inaonekana kwa namba zake, ila aliyeitengeneza hakutoa draiva kwa mfumo mwingine. Kifaa kinaweza. Kuna mtu ndiye aliyeamua.

Kwa nini hili liwe suala la maadili? Kwa sababu "siwezi" hufunga mazungumzo, na hutupa lawama kwa mashine na kwa mwenye mashine. "Sitaki" huacha nafasi ya kuuliza sababu, kubishana, au kwenda kwa mwingine. Anayeivika "sitaki" nguo za "siwezi" anakunyang'anya nafasi hiyo. Na gharama yake ni kubwa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha takribani tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kompyuta nyingine hazifiki jalalani moja kwa moja. Zinapita kwanza kwetu. Tembea katikati ya jiji la Arusha uone maduka ya kompyuta zilizotumika, zikiuzwa kwa sifa kwamba ni "used" ya Dubai au ya Ulaya. "Sitaki" ya wengine inatufikia ikiwa bidhaa.

Haina maana kwamba kila "sitaki" ni dhuluma. Linus Torvalds aliandika Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386. Toleo la 3.8, la Februari 2013, liliacha kuzitambua prosesa hizohizo. Wasimamizi walisema wazi: kuzibeba kunatusumbua, tumechoka. Hakuna anayeweza kubeba kila kitu milele. Ninachodai ni kwamba aliyechoka aseme amechoka.

Lakini kuna jibu la tatu, na hili linatuhusu sisi tunaojiona wajanja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Siku chache baadaye mama mmoja mwenye stationery huku Tengeru, karibu na ninapoishi, aliniita. Ana kompyuta mbili, zote na prosesa za kizazi cha nne. Fundi wa kwanza alimwambia anunue mpya. Wa pili alimwambia atampigia Windows 11 jioni hiyohiyo, bila maelezo mengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hizi mashine zimekufa au wenyewe wamezichoka tu?"

Nilimwambia wamezichoka. Akauliza swali gumu zaidi: "Sasa huyu anayetaka kunipigia hiyo mpya, yeye hatazichoka?"

Hapo ndipo penye jambo. Mashine iliyo nje ya orodha inafanya kazi. Kilichokosekana ni mtu wa kuahidi kwamba kesho itafanya kazi, na kwa usalama. Fundi wa pili alikuwa na haki ya kuzunguka orodha. Hakuwa na haki ya kunyamaza kuhusu kilichobaki nyuma ya kazi yake: kwamba matoleo mapya hayatakuja yenyewe, na kwamba siku moja hata masasisho ya usalama yanaweza kukoma. Pale dukani wanafunzi huja kujaza maombi ya mkopo. Wanaandika nywila zao kwenye kompyuta ile. Mwenye duka hakuambiwa hatari, na wao hata hawajui kuna cha kuuliza.

Leseni ya GPL toleo la 2, ambayo Linux inaitumia, inatamka waziwazi kwamba programu inatolewa bila dhamana. Ni "siahidi" iliyoandikwa, yenye tarehe ya mwaka 1991. Gereji za hapa Arusha hukata Land Cruiser na kuirefusha ili ibebe watalii wengi zaidi, kitu ambacho aliyeiunda hakukiahidi. Ila gereji ipo, mteja anaijua, na gari likileta shida anarudi hapohapo. Ahadi ya kiwandani imebadilishwa kwa ahadi ya jirani.

Kwa hiyo tulikaa na yule mama na binti anayemsaidia, tukazungumza kabla ya kugusa chochote. Kompyuta ya wateja iliwekewa Linux. Printa ilichapa bila shida, ila upande wa kuskani ulionekana kwenye mfumo bila draiva. "Sitaki" nyingine ya mtengenezaji. Mama akaamua kompyuta ya pili ibaki na Windows 10, itolewe kwenye intaneti, ifanye kazi ya kuskani tu. Uamuzi ulikuwa wake, akijua anachokosa.

Kisha nikamwambia jambo ambalo mafundi hatupendi kulisema: mimi namaliza masomo mwakani na nitaondoka Tengeru. Nami nina tarehe yangu ya mwisho wa huduma. Ndiyo sababu siku tatu zilizofuata nilikaa na yule binti. Akajifunza kusasisha mfumo, kusoma kumbukumbu, na kuuliza yale maswali kwa mpangilio. Siku ya tatu, waifai ilipokataa, hakuniita. Aliisoma mwenyewe hadi akaupata mstari unaohusika.

Tunaoishi na vitu vilivyokwishachokwa na wengine tutaendelea kuzunguka orodha zao, na sioni aibu yoyote katika hilo. Ila kila anayewasha mashine ambayo aliyeitengeneza ameiachilia anachukua nafasi ya mtu aliyeondoka. Anadaiwa angalau ukweli ule ambao yule wa kwanza hakuusema: hiki siwezi, hiki sitaki, na hiki, hata kama leo kinawaka, siahidi.