Mpita Ngara, Sikia la Mzee

Wanangu mnaosafiri kati ya Kigali na Bujumbura, siku hizi nawaona mkipita kwetu Ngara, Tanzania. Wilaya yetu ina vituo viwili vya mpakani: Rusumo cha kuingilia Rwanda na Kabanga cha kuingilia Burundi. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, Rwanda ikakana. Wakubwa wakanuniana, nanyi safari ya nusu siku ikawa ya kuzungukia nchi ya tatu.

Mzunguko unachosha, najua. Ndipo hutokea kijana wa bodaboda akakunong'oneza kuwa iko njia ya panya, elfu chache tu na jioni uko kwa shangazi yako. Mkatalie. Nchi zikiwa zinaelewana, aliyekamatwa porini bila muhuri ni mhamiaji haramu. Atatozwa faini au atarudishwa alikotoka. Zikiwa zinatuhumiana, mtu huyohuyo huitwa mpelelezi, na kesi hiyo haiishi kwa faini.

Basi shikeni pasi na njia kuu. Vituo vyetu vyote viwili ni vya huduma kwa pamoja. Maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na dereva anapopiga honi watu hukurupuka wakidhani wamemaliza. Usiondoke dirishani kabla hujafungua ukurasa ukaiona mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia. Ukikosa mmoja, siku utakapoulizwa wiki nzima ulikuwa wapi utabaki kuapa tu, na viapo ofisa amevisikia vingi.

Tena usimpe ofisa sababu ya kukushuku. Makundi ya WhatsApp yanayorushiana matusi ya siasa, jitoe mapema. Daraja la Rusumo usilipige picha, hata maporomoko yakikupendeza vipi. Nguo zenye rangi za kijeshi ziache nyumbani. Mzigo ambao hukuufunga mwenyewe usiubebe, hata kama aliyekupa ni jirani.

Chungeni na midomo. Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana, nasi Wahangaza wa Ngara tunavifuata vyote. Ndani ya basi hakuna lugha ya siri. Lafudhi hukutambulisha kabla hujataja jina. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza.

Ugomvi wa wakubwa huja na kuondoka. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa Januari 2022. Njia za Rwanda na Burundi zilivurugika baada ya 2015, zikafunguka 2022, zikafungwa tena. Iko siku marais watapeana mikono mbele ya kamera. Lakini jina lako likishaingia kwenye daftari la washukiwa, siku hiyo hakuna atakayekumbuka kulifuta.