Daktari wa Kozi na Mfuko wa Huruma

Dada mmoja wa kanisa letu anayefanya kazi Abu Dhabi aliniambia kwamba mwajiri wake amempeleka ndege hospitali. Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Kumbe ipo. Hospitali ya Kozi ya Abu Dhabi ilifunguliwa mwaka wa 1999, na tangu 2001 inaongozwa na Dkt. Margit Müller, daktari wa wanyama kutoka Ujerumani. Kozi ni yule ndege wa kuwinda ambaye Waarabu wa huko wamewinda naye vizazi na vizazi, na uwindaji huo tangu zamani ni shughuli ya wanaume. Mama huyu alifika mgeni. Leo maelfu ya kozi hutibiwa pale kila mwaka. Wagonjwa hungoja kila mmoja juu ya kigingi chake, amevikwa kikofia cha ngozi kinachofunika macho asishtuke. Wana hata pasipoti, ndiyo, pasipoti. Kabla ya kupunguzwa kucha, ndege hulazwa kwa gesi ya usingizi. Nyayo hukaguliwa kwa makini, maana kozi anayesimama muda mrefu kigingini huota vidonda chini ya mguu, na vikipuuzwa vinaweza kumwua. Unyoya wa bawa ukivunjika, hutafutwa mwingine kwenye droo zilizojaa manyoya, unaolingana kwa rangi na urefu, kisha unaungwa kwa kijiti chembamba na gundi.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo swali langu la kwanza lilikuwa: nani analipa? Mwenye ndege ndiye analipa, kwa sababu kozi mzuri anaweza kugharimu kama gari. Sasa hiyo ni huruma kweli, ama ni kutunza mali ya tajiri? Nilikuwa tayari kumpunguzia huyo daktari alama. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia mwisho wa mwezi hupokea posho, na sipendi mtu aseme ninawaombea wagonjwa kwa ajili ya hiyo posho.

Hata hivyo nilitaka mfano ulio safi zaidi, nikaupata Delhi, India. Mkabala na Ngome Nyekundu kuna hospitali ya ndege katika hekalu la Wajaini, watu ambao imani yao inawakataza kudhuru kiumbe chochote. Njiwa anatibiwa bure. Hapa nikasema, haya, hawa ndio wale shomoro wa bei ya chini ambao Yesu alisema Mungu hawasahau.

Lakini ndege walao nyama hawalazwi pale. Na tusikimbilie kuwacheka Wajaini: ukimlaza mwewe kando ya njiwa, utaamka na mgonjwa mmoja. Ndugu wawili Waislamu wa Delhi hiyo hiyo, Nadeem Shehzad na Mohammad Saud, waliwahi kumwokota mwewe aliyeumia wakampeleka hospitali ya ndege, akakataliwa kwa sababu anakula nyama. Hawakuwa madaktari. Walikuwa na biashara ndogo ya vifaa vya kutolea sabuni ya maji, na habari za misuli walizijua kwa kuinua vyuma. Wakaanza kuwatibu mwewe wenyewe, ndege waliokatwa mabawa na nyuzi za vishada zilizopakwa unga wa kioo. Wametibu maelfu. Filamu juu yao ilitoka mwaka wa 2022.

Hapo nilifunga simu, nikakaa kimya.

Mfuko wa huruma wa kanisa letu ninaushika mimi. Una kanuni: uwe mshirika kwa miezi sita, uwe na barua ya kiongozi wa kikundi cha nyumbani. Niliziandika mwenyewe, na bado naona zina sababu, kwa kuwa zamani mfuko ulikuwa unaisha kabla ya katikati ya mwezi. Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja anayeuza chang'aa karibu na stendi. Wote mnamjua. Kuna waume wa washirika wetu ambao mshahara wao unaishia kwake. Mtoto wake alikuwa amechomeka mkono kwa maji moto.

"Pasta, nisaidie tu ya dawa."

"Mama, huu mfuko ni wa washirika."

"Sawa, pasta," akasema, akaenda. Siku hiyo nilijiona meneja hodari.

Jumatano iliyopita nilienda kwake. Kidonda kimefunga, lakini ngozi imevutana, na vidole viwili vya mtoto havinyooki. Mama alipangusa kiti kwa leso, akanikaribisha nikae. Hakuniuliza nimefuata nini.