Eliya Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1–8



Eliya alikuwa ameona moto ukishuka Karmeli. Muda si mrefu yuko jangwani chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtoe uhai. Hebu angalieni Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Hakumuuliza ni laana gani ya ukoo imemfikisha hapo. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi mara ya pili. Ndipo safari ya siku 40 ikaanza.

Sasa nauliza kanisa la Mwiki: kijana wetu akirudi kutoka chuo katikati ya muhula, halali, hali, anaongea peke yake, tunasema nini? Ati amerogwa. Ati ni bangi. Ati haombi. Kisha mlango unafungwa na wageni wanaambiwa amesafiri.

Mama mmoja aliniuliza, "Pasta, watu wa chama niwaambie nini?" Nilimjibu: waambie mtoto ni mgonjwa, vile ungesema kama ni malaria.

Mapepo yapo, na mimi nayakemea kwa jina la Yesu. Lakini someni Mathayo 4:24: wenye pepo wametajwa kando, wenye kifafa kando. Biblia haikuchanganya, mbona sisi tuchanganye? Na Yesu aliwaponya wote.

Hospitali ya Mathari, tunayoipita Thika Road tukienda tao, ilianza 1910. Tumeifanya mzaha, na huko watu wanatibiwa. Miaka mingi, aliyejaribu kujiua alishtakiwa kortini. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho, cha 226 katika Sheria ya Adhabu, kinakiuka Katiba. Ikiwa korti imeacha kumwita mhalifu, kanisa lisimwite aliyelaaniwa.

Kwa hivyo wiki hii, kama umemficha kijana nyumbani, mpeleke hospitali, kisha njoo tuombe pamoja. Asiache dawa eti kwa sababu amewekewa mikono. Na wewe uliye hosteli, Kenyatta, Zetech ama Juja, ukianza kuwaza kufa, usibaki peke yako usiku huo. Ita mtu. Nipigie hata saa nane. Siri yako sitaipeleka madhabahuni.

Eliya aliomba kufa, na Mungu hakumpa ombi hilo. Alimpa mkate, akampa kazi, akampa Elisha wa kutembea naye.

Ameni.